Ukifika, Umepona

Wanaolalamikia upimaji wa ulemavu hawana shukrani. Shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii hazigawiwi ovyo kwa kila aliyepooza. Na kipimo gani kingeshinda kumtaka mtu wa Mukurweini abebwe mgongoni kupanda kutoka bondeni hadi barabarani, akunjwe ndani ya matatu (kiti cha magurudumu kikae juu, nacho kilipe nauli), kisha akakate rufaa ghorofa ya tatu? Asipofika, hana shida. Akifika, si mmemwona wenyewe? Kilele cha Batian cha Mlima Kenya, mita 5,199, hakidai fomu zenye mihuri. Halafu kuna wanaotaja kifungu cha 54 cha Katiba: haki ya kufika kila mahali. Basi apande, nani kamzuia?