Chuck Taylor Ashuka Steji ya Othaya

Converse All Star, au Chuck Taylor, zile raba za kitambaa zinazopanda hadi kifundoni, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1917 kwa ajili ya mpira wa kikapu, mchezo wa sakafu ya mbao iliyonyooka. Othaya tuna mteremko. Basi tuhesabu, kutoka kero ndogo hadi kubwa, tuone kama urembo unalipa.

6. Kamba. Makanga keshaita "Nyeri, mmoja!" nawe ungali tundu la tatu. Mguu wa pili haujaguswa.

5. Vitundu viwili vya chuma, upande wa ndani. Kazi yake ni kupitisha hewa. Julai, baridi ya Aberdare ikishuka, vinapitisha hata usipoomba.

4. Soli. Hapa tukae kidogo. Ni bapa kama chapati, unyayo hauna pa kuegemea. Njia ya kwenda Chinga inapanda, inashuka, kisha inapanda tena kwa sababu anazozijua aliyeichora. Utaniambia mchezaji wa kikapu Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja, Machi 1962, na Chuck Taylor miguuni. Sawa, lakini mgongoni hakuwa na kikapu cha majani chai. Dawa ipo: fundi akukatie soli ya ndani. Sasa kiatu kinabana. Ongeza saizi. Sasa mbele ya kidole gumba kuna chumba cha kupangisha.

3. Udongo mwekundu. Chukua mswaki mkuukuu na dawa ya meno, sugua ile raba nyeupe ya mbele mpaka ing'ae. Lakini angalia pale kitambaa kinapokutana na raba: kuna uzi mwembamba wa tope, umejipenyeza kwenye mshono, na hautoki. Huo umeshahamia.

2. Shosho. Umeenda hadi soko la Karatina, umechambua mitumba, umeapiwa kwamba hii ni kamera, yaani daraja la kwanza, umekagua nyota iko upande wa ndani wa kifundo inavyotakiwa. Umelipa. Unafika nyumbani, shosho anainama, anatazama, anasema: "Kumbe Bata wamerefusha zile raba zao za Ngoma." Hakuna rufaa.

1. Gambuti. Mpinzani halisi ndiye huyu. Hapenyezi maji, hana kamba, hajali tope, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyesifiwa kwa kuvaa gambuti. Raba ndefu nyeusi chini ya jinzi iliyokunjwa kidogo, Jumapili baada ya ibada? Utasifiwa hata na watu unaowadai. Kwa hiyo ushindi naupa urembo, kwa masharti: gambuti hadi steji, raba ndani ya mfuko. Ukifika, badilisha, acha gambuti kwa mwenye kioski. Ila ziwekee alama. Chini ya kaunta yake zimejaa, zote nyeusi, na wa kwanza kurudi jioni ndiye huchagua.