Sifa za Pancha

Farasi amesifiwa, jahazi limesifiwa, na siku hizi hata baiskeli ina watu wa kuisifu kwa kuwa haili mafuta wala haidaiwi nauli. Pancha haijapata msifu. Hutajwa kwa kusonya, huhesabiwa katika kundi moja na mafua na foleni ya Jogoo Road, na anayepanga safari ya baiskeli hutia viraka na gundi mkobani kabla hajafikiria chakula. Kiumbe kisicho na mkono wala mdomo kinahukumiwa bila kusikilizwa. Nitakitetea kwa hoja moja: watu ishirini wanaoendesha baiskeli pamoja siku nzima, bila pancha hata moja, hawakufanya safari na wala hawakuwa kundi. Walikuwa foleni ya migongo. Mahali pa kulithibitisha hilo ni Majengo, ubavuni mwa soko la Gikomba, mnamo Oktoba.

Kwa nini Oktoba? Katika nchi za kaskazini huo ni mwezi wa watu kupanda baiskeli makundi kwa makundi kwenda kutazama majani. Mchana ukifupika, mti huacha kutengeneza ukijani wake, manjano iliyokuwa imefunikwa hujitokeza, na baadhi ya miti hujipaka wekundu kabla ya kuvua kila kitu. Nairobi iko digrii moja na ushei tu kusini mwa ikweta. Mchana wake wa Juni na ule wa Desemba haupishani hata kwa robo saa, kwa hiyo mti wa Nairobi hauna wa kuuambia kwamba mwaka unazeeka. Wafasiri wetu waliyaita majira yale ya wageni vuli, na hapo walilikopa neno bila kumwuliza mwenyewe, maana vuli yetu ni mvua, ile inayoanza Oktoba na kugeuza vumbi la Eastlands kuwa uji. Kinachopukutika kwetu ni maua ya mijakaranda, miti yenye asili ya Amerika Kusini, ambayo mwezi huo humwaga zambarau kando ya barabara za katikati ya jiji. Basi kundi linalotaka rangi huanzia huko, likapiga picha zake, kisha likateremka Kamukunji kuelekea Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa mtindo wa miji ya bustani, ambako bado kuna miti ya kutia macho. Kati ya zambarau na kijani kuna Gikomba na Majengo. Kwenye ramani ya mpangaji hiyo ni sehemu ya kupita upesi, dakika tano, macho mbele, simu mfukoni.

Hapo ndipo pancha inapoingia kazini. Gikomba ni soko la mitumba, lakini pia ni soko la mbao, na penye mbao kuna msumari unaong'olewa, unaonyooshwa, unaoanguka. Msumari haujali bei ya baiskeli, au tuseme unajali kinyume: tairi jembamba la mbio lililoagizwa ng'ambo hutoboka mapema kuliko lile pana la Black Mamba, dume la chuma ambalo limebeba magunia na mikebe ya maziwa nchi hii tangu zamani. Mwenye baiskeli ya bei ya shamba ndiye anayesimama, na mwenye Black Mamba anamngoja. Sijui mahakama nyingine jijini inayotoa hukumu kwa usawa kiasi hicho na bila kuahirisha kesi.

Tazama pia mahali ambapo tairi limechagua kukata pumzi. Majengo ni sehemu ya Pumwani, na wengi hulinasibisha jina Pumwani na kupumua, kupumzika. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipima mahali hapa pawe makao rasmi ya Waafrika wa Nairobi, na watu wa vijiji vya awali, kama kile kilichoitwa Mombasa na kile kilichoitwa Maskini, wakatakiwa kuhamia na kujijengea wenyewe. Ndiyo maana pakaitwa Majengo. Dhana ya wakubwa ilikuwa kwamba Mwafrika yuko mjini kwa muda tu, afanye kazi kisha arudi kwao. Watu wakasimika miti, wakakandika udongo, wakapanga vyumba safu mbili zenye ujia katikati kama nyumba za pwani, na wenye nyumba wengi wakawa wanawake waliojitafutia pesa zao wenyewe. Waliosemwa ni wapita njia wakasimama, na hawajaondoka hadi leo. Mtaa wenye historia hiyo hauonwi na mtu anayeupita kwa kasi ya kilomita ishirini kwa saa. Unahitaji wageni waliokwama. Tairi linalopumua Pumwani limesoma historia kuliko mwenye kuliendesha.

Sasa kundi limesimama, na kundi linazaliwa. Hadi dakika hiyo kila mmoja alikuwa akiujua mgongo wa aliye mbele yake na pengine chapa ya fulana yake. Gurudumu linapofunguliwa, mmoja hushika fremu, mwingine hutafuta pampu, wa tatu hutoa ushauri usiohitajika, na wote huinama juu ya beseni la fundi kutazama viputo. Sijapata kuona mkutano wa wanakijiji, wala wa wabunge, ukitazama kitu kimoja kwa makini namna ile. Fundi huisugua tyubu kwa msasa, hupaka gundi, hungoja ikaukie kidogo, hubandika kiraka, na kungoja huko ndiko kunakofungua macho. Kuna kibaraza, kuna kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kuna mahamri na viazi karai, kuna adhana, kuna mzee mwenye maoni kuhusu breki za watu wote. Kundi lililokuja kutazama miti linaanza kutazamwa, na hiyo ni haki ya wenyeji ambayo safari nyingi za kitalii husahau kuilipa. Wahenga walikwisha kutwambia kwamba haraka haina baraka, ila hawakuacha askari wa kuisimamia amri hiyo. Pancha ndiyo askari wake, na haichukui kitu kidogo.

Atasimama mtu aseme: haya ni maneno ya walioshiba. Yuko anayepeleka mkate kwa baiskeli alfajiri, yuko anayechukua maji, na kwake pancha ni siku iliyoliwa. Namkubalia bila ubishi. Pancha ya mtu wa kazi ni msiba mdogo na haimo katika sifa hizi, kama ambavyo anayesifu mvua hasifu ile iliyoezua paa la jirani. Ninayoisifu ni ya wale waliotoka makusudi ili wasifike upesi, kisha wakakasirika kwa kutofika upesi. Hao pancha haiwaibii chochote. Walitaka siku ndefu, imewaongezea.

Wengine hunong'ona kwamba misumari ile haianguki yenyewe, kwamba mafundi huitupa barabarani ili wapate wateja. Ni kashfa isiyo na haja, kwa kuwa barabara iliyo kando ya wauza mbao haihitaji msaada wa mtu. Lakini tuseme hata ingekuwa kweli, historia ingewahukumu vipi? Mwishoni mwa miaka ya 1880 huko Belfast, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, aliitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe matairi ya upepo, na dunia ikapata raha pamoja na pancha kwa mkupuo mmoja. Ila tairi lile la awali lilibandikwa kwenye rimu, na kuliziba kulikuwa kazi ya saa nyingi na gundi ya kulaza. Ndugu wawili wa Kifaransa, Michelin, wakabuni tairi la kuvuliwa, na mwaka 1891 Charles Terront akalitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Mwaka uliofuata ndugu hao wakaandaa mbio zao wenyewe kutoka Paris hadi Clermont-Ferrand, na ili watu waone jinsi tairi lao linavyozibika upesi, wakaamuru misumari imwagwe njiani. Kampuni yao leo inajulikana dunia nzima. Fundi wa Majengo mwenye beseni, msasa na mkebe wa viraka hajawahi kumwaga chochote, na bado anaonekana mshukiwa.

Adui wa kweli wa pancha ni yule anayekuja na matairi yasiyo na tyubu, yenye maji maji ndani ambayo huliziba tundu kabla mwenyewe hajajua ametobolewa. Wanaouza teknolojia hiyo huiita ukombozi. Hebu tupige hesabu yao hadi mwisho. Msumari wa Gikomba utaingia, maji maji yatafanya kazi yake kimyakimya, na watu ishirini watapita Majengo kwa dakika tano zilizopangwa, macho mbele, hadi kwenye miti ya Kaloleni. Watakuwa wameona zambarau na kijani. Mzee wa breki atabaki na maoni yake, mahamri yatapoa, na maji ya beseni yatakaa siku nzima bila kiputo hata kimoja.