Siku Dar es Salaam Ilipohamia Hispania

Programu ya kusanifu umeme wa jua huuliza machache na kujibu mengi. Huuliza paa liko wapi, limeelekea upande gani, paneli ni za aina gani, na wenye nyumba hutumia umeme kiasi gani na wakati gani. Ikishajibiwa, hupita saa zote 8,760 za mwaka, moja baada ya nyingine, na kwa kila saa hueleza jua limewaka vipi, paneli zimepata joto gani, na betri imebaki na nini. Hesabu ambayo kwa kalamu ingemla mhandisi masika nzima humalizika kabla chai haijapoa. Ila ina tabia ya mgeni mwenye adabu: haibishani na mwenyeji. Ikiambiwa kwamba Dar es Salaam iko Hispania, huitikia vizuri na kuanza kupiga hesabu.

Programu za aina hii zipo nyingi. PVsyst ilizaliwa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, miaka ya 1990, na ripoti yake ndiyo hutuliza roho za watu wa benki. SAM na PVWatts ni za maabara ya taifa ya nishati ya Marekani na hutolewa bure. HOMER, ambayo huchanganya jua, betri na jenereta, ilianzia maabara hiyohiyo kabla ya kwenda kujitegemea. PVGIS ya Tume ya Ulaya hutunzwa Ispra, Italia, na haihitaji hata kusakinishwa. Inahitaji bando tu, na bando huwa na desturi ya kuisha ramani ikiwa imefunguka nusu.

Kosa la kwanza hupatikana kwenye kisanduku cha kwanza. Dar es Salaam iko latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.28 mashariki, na kwa kuwa kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, namba zake ni -6.8 na 39.28. Kakistari hako ndiko kanakolishikilia jiji lisiondoke. Kakisahaulika, jiji zima, Kariakoo na daladala zake, huhamia nyanda za juu za Bale, Ethiopia, ambako paneli hupata ubaridi wa bure na abiria hawana habari. Namba zikipishana nafasi mambo huharibika zaidi: 39.28 na -6.8 ni mashamba ya Extremadura, Hispania, baina ya Badajoz na Cáceres. Programu haishtuki. Hupendekeza paneli zitazame kusini kwa mwinamo unaozidi nyuzi 30, huonya kwamba Desemba jua litakuwa hafifu, kisha juu ya ukurasa huandika jina la mradi kama ilivyopewa: Friza la Barafu, Mbagala. Mwenye macho huokolewa na grafu. Jua la Dar es Salaam halipandi na kushuka sana kati ya mwezi na mwezi. Grafu ikija na mlima mkali wenye kilele Julai, mbunifu ajue yuko ugenini.

Mahali pakipatikana huja hali ya hewa, na hapa programu hutumia kitu kinachoitwa mwaka wa mfano. Januari huchukuliwa mwaka mmoja, Februari mwaka mwingine, mpaka miezi 12 iliyo ya kawaida kabisa iunganishwe kuwa mwaka ambao haujawahi kutokea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 hazimo, wala ule mwezi ambao wingu lilikaa juu ya Pugu kama limelipa kodi. Mteja akiuliza huo ni mwaka gani hasa, hakuna namna ya kumjibu isipokuwa kumwambia kwamba ni mwaka wa mchanganyiko, kama urojo.

Kuhusu mwelekeo, programu zenyewe hazijakubaliana dunia inaanzia wapi. Kwa SAM na PVWatts, sifuri ni kaskazini na kusini ni 180. Kwa PVGIS na HOMER, sifuri ni kusini. PVsyst huangalia kwanza ilipo: kaskazini mwa ikweta sifuri yake ni kusini, ikivuka ikweta sifuri huhamia kaskazini. Katikati ya mvutano huo yupo mbunifu kijana aliyejifunza kazi kwa video ya mwalimu wa Ujerumani, akanakili mpaka mwinamo: kusini, nyuzi 35. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam huwa limelalia kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Paneli ya kijana huyo hulipa kisogo na kuambulia kama asilimia 42 tu ya miale ya moja kwa moja. Bahati nzuri, mwinamo ukiwa mdogo, karibu na ikweta makosa husamehewa. Paneli yenye nyuzi 10 ikigeuzwa kusini badala ya kaskazini hupoteza asilimia chache tu kwa mwaka, ndiyo maana wapo mafundi waliokosea miaka nenda miaka rudi na wakazeeka na sifa zao. Kwa latitudo peke yake hata nyuzi 7 zingetosha. 10 huwekwa ili mvua ikiteremka iteremke na vumbi.

Paneli yenyewe ina siri yake. Ile ya wati 550 hutoa wati 550 maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya mabati, saa saba mchana, seli hufika nyuzi 60 bila taabu, na kila nyuzi inayozidi 25 hula takriban asilimia 0.35 ya nguvu. Asilimia 12 imeondoka hapo, na hakuna aliyeiba. Hilo programu inalijua vizuri. Isilolijua ni kwamba Mbagala hakugandi. Volti za paneli hupanda baridi ikizidi, kwa hiyo programu kadhaa za Ulaya, zisipoambiwa vingine, huanza na tahadhari ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Volti hupanda kama asilimia 10 kwenye hesabu, na inveta yenye kikomo cha volti 1,000 ambayo ingebeba paneli 19 kwa mstari huruhusiwa 18. Paneli moja hubaki stoo ikisubiri barafu isiyokuja.

Vivuli ni somo refu, na hapa uvivu wa mbunifu huonekana mapema. Programu humpa uwanja wa kuchora nyumba, ukuta na mti, lakini mti wake mara nyingi ni tufe juu ya kijiti. Mnazi huchorwa kama mwavuli, mwarobaini kama tufe, na mpapai hauchorwi kabisa kwa kuwa siku ya vipimo ulikuwa mche. Baada ya miezi minane umelipita dirisha. Tangi jeusi la maji nalo hupandishwa juu ya paa wiki moja baada ya mchoro kukamilika, tena upande wa kaskazini. Kivuli kidogo si kidogo kama kinavyoonekana. Seli zimefungwa mfululizo kama watu wa foleni: mmoja akisimama, walio nyuma yake wamesimama. Paneli nyingi huwekewa diodi 3 za kupitisha umeme kando, hivyo kivuli cha seli moja kinaweza kuzima theluthi nzima ya paneli. Kuna na kinyesi cha kunguru, ndege aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 na ambaye hajawahi kuomba ruhusa ya kukaa popote. PVWatts hutenga asilimia 2 kwa uchafu wote, vumbi na vinginevyo. Kiwango hicho hakikupimwa chini ya mwembe wenye viota.

Lakini hakuna panapotoa vituko kama orodha ya matumizi. Programu huuliza saa, na saa yake huanza usiku wa manane. Mswahili huanza kuhesabu asubuhi. Mama mmoja muuza barafu wa Mbagala aliulizwa na mbunifu, kwa heshima zote, "Mama, friza unawasha saa ngapi?" Akajibu huku akifunga ubuyu, "Mwanangu, nawasha saa mbili, nazima saa kumi na moja." Mbunifu akaandika 2:00 hadi 11:00. Friza la wati 200, ambalo kwa kweli hufanya kazi jua likiwa juu, likahesabiwa kuwa linaunguruma tangu usiku wa kiza. Toka saa nane za usiku hadi jua linapochomoza ni saa nne na nusu hivi, yaani wati-saa 900. Kwa betri za asidi, ambazo si vizuri kuzishusha chini ya nusu, hiyo ni betri nzima ya volti 12 na ampea-saa 150, iliyopangiwa friza ambalo wakati huo limezimwa na mwenyewe amelala. Mama alipoona bei aliuliza kama betri hiyo inakuja na kitanda.

Mkanganyiko huongezeka data ikitoka PVGIS, kwa sababu takwimu zake za saa kwa saa hufuata saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Jua likaonekana kuchomoza saa tisa na nusu za usiku, friza likiwa tayari kazini, na kwa muda mfupi mambo mawili yaliyokosewa yakaelewana vizuri kabisa.

Saa ikisharekebishwa, hubaki tatizo la mambo yanayopita haraka. Programu nyingi hutazama mara moja kwa saa. Kompresa ya friza huanza kwa kishindo cha sekunde moja au pungufu, ikivuta mara kadhaa ya wati zake. Kwenye grafu hakuna kitu. Kwenye ukuta wa Mbagala, inveta hupiga mlio, huwasha taa nyekundu na kuzima, mtu akiwa katikati ya kumimina maji kwenye vifuko.

Ripoti ikichapwa huwa na kurasa nyingi, rangi, na mchoro wa mshale mnene ushukao ukipungua, kila hasara ikichomoka pembeni na asilimia yake. Fundi huifunga ngazi nayo isipige kelele, kisha hupanda. Kifaa cha dira cha simu yake, kikikaribia mabati, huanza kuzunguka kama kimekunywa. Basi huuliza kwa sauti kutoka juu, "Mama, msikiti wenu umeelekea wapi?" Mama hunyoosha mkono bila kuinua kichwa. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kamili, tofauti haifiki nyuzi 2. Paneli hufungwa kuelekea kibla, na usahihi wake huipita dira ya simu.

Baada ya mwezi, betri za mama huyo zikawa zinakata saa nne usiku, ilhali ripoti ilisema zingefika asubuhi. Mbunifu alirudi kwenye programu. Akaongeza vumbi, akapunguza jua, akaushuku mpapai. Mwishowe alikwenda mwenyewe jioni, akakuta barazani soketi ya kurefusha yenye simu 14, kila moja imewekewa karatasi ya jina, na kijana wa jirani akinyolewa kwa mashine. Aliketi kwenye mkeka, akafungua kompyuta, akaweka mstari mpya chini ya friza, taa na televisheni: majirani, wati 140, saa 18:00 hadi 20:00. Mama akamwomba aongeze saa mbili zaidi kwa Jumamosi.