Plagi Nne na Soketi ya Kumi

Plagi ya gari la petroli ina kazi moja: kurusha cheche ndani ya silinda ili petroli na hewa viwake. Katika Probox zenye injini ya 1NZ, zinazojaa barabara za Kitale na Bungoma, plagi ni nne, kila moja ikiwa imejificha chini ya koili yake. Moja ikichoka, gari hutetemeka likiwa limesimama na kukohoa likipanda. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900. Kwa hiyo ugonjwa uliofichika Bungoma mjini hujitangaza baada ya Webuye, na gari likifika Kamukuywa abiria wote ni mafundi.

Kubadilisha plagi nyumbani ni kazi ya nusu saa kwa mwenye vifaa. Asiye navyo huazima kwa jirani soketi ndefu ya milimita 16, na jirani huja nayo mwenyewe, pamoja na shemeji yake aliyewahi kuendesha trekta. Soketi ya milimita 10, ya kufungulia bolti za koili, hupatikana bila shida. Kuiona tena ndiyo shida.

Injini huachwa ipoe, kwani kichwa chake ni cha alumini na nyuzi za mashimo huharibika plagi ikifunguliwa injini ikiwa ya moto. Kitale wakati wa masika, kungoja injini ipoe ni kungoja mvua ya saa tisa, na mashimo yaliyo wazi hayapaswi kuingia maji. Ndipo mwavuli wa kanisani hufunguliwa juu ya boneti, na mtoto hupewa kazi ya kuushika. Mtoto hushika mwavuli akitazama kuku.

Koili zikishatoka, vumbi hupulizwa kabla ya plagi kuguswa, maana likidondoka huishia kwenye silinda. Gereji ina kompresa. Nyumbani kuna pampu ya baiskeli, au mdomo. Aliyetumia mdomo hutambulika kwa macho.

Plagi kuukuu husomwa rangi. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi ni petroli kuzidi au chujio la hewa kuziba. Yenye mafuta ni oili inayopenya. Husomwa kwa kupitishwa mkono kwa mkono, na ikimfikia shemeji hakuna ajuaye tena ilitoka silinda ipi. Shemeji hushauri isuguliwe kwa msasa. Plagi ya iridiamu haisuguliwi: ncha yake ni nyembamba kama sindano ya cherehani, na msasa huimaliza.

Plagi mpya huvishwa kipande cha mpira wa petroli na kuzungushwa kwa vidole. Ikianza kwa upogo, mpira huteleza na nyuzi husalimika, spana ingelazimisha. Ikikaa, huongezwa nusu mzunguko hivi ili washa yake ibanwe, basi. "Kaza tena kidogo, mkubwa," ni sauti ya asiye na gari.

Koili hurudishwa, waya hubofywa mpaka zilie, na injini huwashwa. Hunguruma vizuri. Soketi ya kumi hutafutwa kwenye nyasi, mifukoni na kwa mtoto, isionekane. Jumatatu, kwenye matuta ya Kiminini, kitu huanza kugongagonga chini ya injini.