Ngeli za Hedifoni: Sarufi Fupi kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza

Wanasarufi wa Kiswahili wamebishana kuhusu idadi ya ngeli tangu babu zetu hawajaanza shule, na hadi leo mwalimu wa Mwanza na mwalimu wa Mombasa wanaweza kuchora majedwali mawili tofauti ubaoni, kila mmoja akiliona la mwenzake lina kasoro. La kushangaza ni kwamba katika ubishi wote huo hakuna aliyekumbuka hedifoni. Kifaa kinachoonekana masikioni mwa abiria wa daladala, mlinzi wa zamu ya usiku na mwanafunzi anayedai anajisomea hakijapangiwa ngeli, na matokeo yake ni maafa: kijana anaingia dukani na akiba yake ya kwanza, anatoka na kitu kinachowaka taa za bluu na kisichoimba.

Makala haya yanaziba pengo hilo. Data imekusanywa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na kwa sehemu ndogo Luthuli Avenue, Nairobi, kwa mbinu ya utafiti iliyokomaa sana Afrika Mashariki: kuuliza bei, kuguna, kisha kuondoka polepole ili uitwe.

Tuanze na ngeli za mahali, kwa kuwa hedifoni kabla ya kuwa chombo cha muziki ni kitu kinachotafuta pa kukaa. Shuleni tulifundishwa kwamba PA ni mahali dhahiri, KU ni mahali kwa jumla, na MU ni ndani. Hedifoni zimeifuata kanuni hii kwa utiifu ambao wanafunzi wengi wa kidato cha pili hawajawahi kuuonyesha. Zipo zinazokaa palepale juu ya sikio: hizo ni PA. Zipo zinazolizunguka sikio lote na kulifunika: KU. Na zipo zinazoingia mumo humo ndani ya tundu, ambazo mtaani tunaziita iafoni: MU. Mnunuzi ambaye hajaamua kati ya pa, ku na mu asithubutu kuuliza bei, maana ataamuliwa na muuzaji.

Ngeli ya PA ni ya wazee wenye heshima. Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, yenye sponji za njano na mgongo ulio wazi, na zaidi ya milioni 10 zikauzwa. John Koss, Mmarekani aliyetambulisha hedifoni za stereo mwaka 1958, ndiye ambaye kampuni yake ilitoa Porta Pro mwaka 1984, na Porta Pro inatengenezwa hadi leo kwa umbo lilelile, kana kwamba mitindo haijawahi kubadilika duniani. Ndugu yake wa bei ya chini, KPH30i, huuzwa Marekani kwa dola 30 hivi na kuzishinda nyingi za bei mara tatu yake. Ni nyepesi, na sikio halitoki jasho. Kasoro yake ni ya kijamii: haizuii sauti kuingia wala kutoka. Konda akiita “Mbezi, Mbezi, Mbezi!” utamsikia katikati ya ubeti, na jirani yako wa kiti atajua kwamba unasikiliza nyimbo za kuachwa.

Ngeli ya KU ni ya studio. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 na bado iko vichwani mwa watu wa redio na filamu. Marekani bei yake huwa dola 100 hivi. Audio-Technica ATH-M20x hupatikana kwa karibu nusu ya hapo. Hizi zinazuia kelele kiasi na zinaonyesha rekodi kama ilivyo, makosa ya fundi mitambo yakiwemo. Lakini zilibuniwa na watu wasioishi Dar es Salaam mwezi wa Februari. Joto likipanda, sikio linachemka, na baada ya muda ngozi bandia ya mito yake inaanza kupukutika, na mwenye nayo anatembea mjini na vipande vyeusi shavuni bila habari. Kabla ya kununua KU yoyote, uliza kama mito yake inauzwa peke yake. Jibu likiwa hapana, hiyo si hedifoni, ni mkataba wa muda.

Sasa MU, ambamo ndimo neema ya mwenye bajeti ndogo ilimo, nami sitaificha furaha yangu. Katika miaka kumi na ushee iliyopita viwanda vya China vimeifanya ngeli hii kuwa aibu kwa kampuni kubwa. Iafoni za kampuni ya KZ zilitangulia, mwaka 2022 zikatoka Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote mbili kwa dola 20 hivi, na watu wenye vipimo vya maabara wakakuna vichwa. Sababu si uchawi. Spika ndogo iliyo ndani ya tundu la sikio haina kazi ya kusukuma hewa ya chumba kizima. Inasukuma tone tu la hewa lililofungiwa. Haihitaji utepe wa kichwani, mito wala bawaba, kwa hiyo hela ya kiwanda inaweza kwenda kwenye spika yenyewe.

Ila MU ina sharti moja, nalo ni kuziba. Hewa ikipata mwanya, sauti nzito ndizo za kwanza kutoroka, na mwenye mali anabaki na malalamiko kwamba “hizi hazina besi”. Ndani ya boksi huwa mna mipira midogo ya silikoni ya saizi tatu. Uchunguzi wetu wa masikio ya watu kwenye foleni ya mwendokasi unaonyesha kwamba wengi wanaishi na kufa na ile ya kati iliyovalishwa kiwandani, zile nyingine zikibaki ndani ya kifuko hadi siku ya kuhama nyumba. Hakuna sheria inayosema masikio mawili ya mtu mmoja yawe na saizi moja. Vaa kubwa kulia na ya kati kushoto kama ndivyo ulivyoumbwa. Mabadiliko haya ni ya bure, na hakuna nyongeza ya shilingi elfu hamsini itakayokupa besi zaidi ya hiyo.

Faida nyingine ya kuziba ni afya. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa zinashuka hadi 4. Ndani ya daladala lenye redio yake na konda wake, mwenye PA atapandisha sauti ili ashinde kelele, na mwenye MU iliyoziba vizuri ataiacha katikati. (Anayevuka Barabara ya Morogoro kwa miguu avue zote, za ngeli yoyote.)

Baada ya mahali inafuata idadi. Kiswahili kina nomino zisizo na umoja: maji, mate, mafuta. Iafoni zisizo na waya, zile pacha zinazolala ndani ya kikasha cha chaji, ni za kundi hilo. Moja ikidondoka mtaroni pale Msimbazi, iliyobaki haigeuki umoja, inageuka kumbukumbu. AirPods za Apple zilipotoka mwishoni mwa 2016, mafundi wa iFixit walizifungua na kuzipa alama 0 kati ya 10 kwa kutengenezeka, maana huifikii betri bila kuziharibu. Betri hiyo ndogo ya lithiamu, ikijazwa na kumalizwa kila siku, baada ya miaka miwili mitatu inaanza kukuaga kabla hujafika Ubungo. Na fikiria mgawanyo wa fedha: mnunuzi wa pacha hizi analipia betri tatu, redio ya Bluetooth, maikrofoni, kikasha na taa ya kikasha, kisha anashangaa kwa nini spika imepata mgawo wa mtoto wa kambo. Mwenye pesa nyingi hilo halimsumbui. Tunaandika kwa ajili ya mwingine.

Ngeli ya JI-MA, ya ukubwa na dharau, ina madude ya kichwani yenye redio ya FM, tundu la kadi, taa za disko na maandishi EXTRA BASS. Yana kila kitu isipokuwa muziki. Ngeli ya KI-VI ina vidude vinavyotoka bure na simu. Kiambishi kimemaliza uchambuzi.

Ndiyo maana sarufi hii inatetea, bila kuona haya, ngeli ya U-ZI. Hedifoni ya waya haichajiwi, haicheleweshi sauti ukiangalia filamu, na haipotezi upande mmoja. KZ nyingi pamoja na Zero zina waya unaochomoka, kwa hiyo ukikatika unanunua waya peke yake; Chu ya kwanza waya wake umeshikana na mwili, na hilo lipunguziwe alama. Kwenye zisizochomoka, kinachokufa mara nyingi ni pale kwenye pini, na fundi simu yeyote mwenye kisu na risasi ya kulehemu anaweza kuifufua kwa bei ya chipsi mayai.

Lililobaki ni upatanisho. Kama nomino inavyodai kitenzi kikubaliane nayo, hedifoni inadai simu inayoiweza. Simu ya kawaida hupatana vyema na hedifoni yenye ukinzani wa umeme wa ohm 16 hadi 32. Beyerdynamic DT 990 ya ohm 250 ni nomino tukufu, lakini ukiichomeka kwenye simu bila kikuza sauti umefanya kosa la upatanisho, nayo itakunong'oneza tu. Kila kanuni ina kighairi chake: MDR-7506 ina ohm 63 lakini huitikia haraka, na simu nyingi zinaimudu. Usisahau tundu lenyewe. Tangu Apple iondoe tundu la milimita 3.5 kwenye iPhone 7 mwaka 2016, simu nyingi za bei ya juu zimeiga, huku Tecno, Infinix na itel nyingi zikiendelea kulibeba. Kama simu yako haina, tenga hela ya kiunganishi cha Type-C mapema, kwenye bajeti ileile.

Msomi hawezi kuondoka dukani bila kusoma maandiko, na maandiko yetu ni boksi. Karibu kila boksi limeandikwa 20Hz–20kHz, la shilingi elfu tano na la laki tano. Hiyo ni mipaka ya sikio la kijana mwenye afya; kifaa chenyewe hakijaelezwa. Nembo ya Hi-Res Audio inadai kifaa kifike 40kHz. Wasikilizaji wa masafa hayo ni popo, ambao kwa kawaida hawana bajeti. Na juu ya uhalisi wa bidhaa, mazungumzo yafuatayo yamenukuliwa mbele ya kaunta bila kuhaririwa:

“Hii ni OG, kaka?”

“OG kabisa, bosi wangu. Kopi namba moja.”

Asicheke mtu. Mwaka 2015 mhandisi mmoja Marekani alizipasua hedifoni za Beats, akakuta vipande vya chuma ambavyo, kwa maoni yake, viliongeza uzito ili mkono udhani umeshika kitu cha thamani. Habari ikazunguka dunia nzima. Baadaye ikabainika kwamba alichopasua kilikuwa feki. Alipopasua halisi, akakuta vyuma humo pia. Kama mhandisi mwenye bisibisi alichanganywa, mnunuzi mwenye haraka ya kuwahi basi ana haki ya kuogopa. Nafuu ni kwamba feki hufuata majina makubwa. KPH30i haijulikani mtaani kiasi cha kumshawishi mwigaji.

Bei nayo haikuongozi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, za juu ya sikio, za kulizunguka na za ndani, akatafuta uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba. Hakuupata. Tunaloongezea sisi ni kwamba muuzaji wa Aggrey anaujua ukweli huo siku nyingi, na ndiyo sababu hapangi mzigo kwa ubora.

Basi kipimo ni kipi? Sikio lako na wimbo unaoujua. Utafiti huu unapendekeza kipimo cha mi-solo. Katika rumba ya Kikongo, kati ya gitaa la solo na gitaa la ridhimu, mara nyingi hukaa gitaa la tatu, mi-solo, likisuka katikati bila kujitangaza. Chukua “Mario” ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, wimbo ambao hata asiyejua Kilingala ameusikia harusini. Cheza sehemu ndefu ya magitaa. Kwenye dude la JI-MA utasikia besi na kelele za juu, na katikati patupu. Kwenye hedifoni nzuri utaweza kumfuata kila mpiga gitaa peke yake, kama umemchagua. Mpenzi wa taarabu afanye hivyohivyo na kanuni na fidla: nyuzi zikiungana zote kuwa uji, rudisha kifaa kaunta.

Hukumu yetu, basi. Mwenye dola 20 au thamani yake achukue MU ya U-ZI, na kati ya Zero na Chu mimi nachukua Zero kwa sababu ya ule waya. Asiyevumilia kitu ndani ya sikio achukue KPH30i, asikilizie nyumbani. Aliyefika dola 100 na ana feni chumbani achukue MDR-7506, lakini aangalie duka kabla ya kuangalia bei, maana hiyo feki zake zipo. Ambaye hajafika hata dola 20 asubiri mwezi mmoja badala ya kununua taa za bluu. Na popote utakaponunua, nenda na simu yako mwenyewe, wimbo ukiwa umeshapakuliwa, jaribu saizi zote tatu za mipira, na muuzaji akikwambia haijaribiwi mpaka ulipe, mshukuru uondoke. Safari hii usigeuke hata akikuita.