Jimbo la Ishirini na Saba Liko Mulekera

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Familia moja ya komini ya Mulekera, mjini Beni, Kivu Kaskazini, ina ombi moja tu: itambuliwe rasmi kuwa jimbo.

Isidhaniwe ni kiburi. Mwaka 2015 nchi iligawanywa upya, majimbo yakatoka 11 hadi 26, na ramani haikulalamika. Hili la 27 litakuwa dogo sana: vyumba vitatu vya mbao na mabati, jiko la nje, choo kimoja na mti wa avoka. Halihitaji ikulu ya gavana wala magari ya msafara. Haliombi hata bendera, maana kitambaa kimepanda bei. Linachotaka ni kuingia chini ya Ibara ya 175 ya Katiba ya 2006, ile inayosema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni haki ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo hubakizwa pale pale chanzoni.

Majimbo mengine yameingoja Ibara hiyo tangu Katiba ilipotangazwa. Fedha hupanda kwanza Kinshasa zote, kisha kitu fulani hurudi, kikirudi. Familia imelichunguza tatizo hilo jioni, wakati wa kuchambua maharagwe, ikaona kwamba kosa la wakubwa wa majimbo ni kukaa mbali na chanzo. Yenyewe haina shida hiyo. Chanzo ni kile kitambaa ambacho mama hufungia hela kiunoni, na mama yuko nyumbani.

Majina yao hayaandikwi hapa kwa sababu hayana kazi. Mjumbe wako akigonga mlango wowote wa Mulekera atawakuta: baba ni taximan wa pikipiki, mama anauza mafuta ya mawese na maharagwe sokoni Kilokwa, watoto wanne wako shuleni, na nyanya, mama yake baba, ana shamba la kakao ambalo siku hizi analiona kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa macho. Halafu kuna wageni. Hao watafikiwa.

Kabla ya kuomba fedha, jimbo linapaswa kuonyesha kwamba linajua fedha ni nini. Hapa familia haina wasiwasi. Mama hulipia meza yake sokoni kabla ya kujua kama siku hiyo mteja atakuja. Karatasi ndogo hukatwa, anaitia kwenye kikapu, na kikapu hicho kimeshakuwa hifadhi ya nyaraka ambayo wizara nyingi zingeionea wivu. Baba anatembea na karatasi ya namba ya pikipiki, bima, vinyeti, leseni na kadi ya chama, yote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na bado polisi wa rulaji, wale wa barabarani, huwa na kipaji cha kuulizia karatasi ya sita. Kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza Januari 1, 2012, ambayo mama hajawahi kukutana nayo uso kwa uso. Anaambiwa imo ndani ya bei za vitu vya viwandani, na hana sababu ya kubisha. Na kuna ile sheria ya Machi 13, 2018 inayoorodhesha kodi na ushuru wa jimbo na wa mji. Mtoto wa pili, anayesoma sekondari, alipewa kazi ya kuisoma orodha hiyo kwa sauti. Wageni walilala kabla hajaimaliza.

Familia haipendi kusahau mazuri, kwa hiyo inaikumbuka kwa shukrani RAM, ule ushuru wa simu ulioanza Septemba 2020. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti, na hakuna aliyekuja kugonga mlango: uniti zilitoweka zenyewe. Baba alikuwa akinunua uniti za kumpigia mteja aliyeko Boikene, na kabla mteja hajasema haloo, dola ilishaanza safari. Kelele zilipigwa mitaani na bungeni, na mwanzoni mwa 2022 ukafutwa. Katika ushuru wote aliowahi kulipa, anasema baba, huo ndio uliokuwa na adabu ya kutomsimamisha barabarani.

Tuje kwenye sarafu, kwa kuwa jimbo lisilo na sera ya sarafu si jimbo. Mwaka 2012 Benki Kuu ilipotoa noti ya franga 20,000, noti hiyo moja ilizidi dola 20. Mwaka 2024, dola ilipopita franga 2,800, noti ile ile, yenye picha ile ile na tarakimu zile zile, ilikuwa kama dola 7. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018, franga 7,075 kwa siku, nacho kilisimama hapo hapo hadi 2025. Kilianza kikiwa zaidi ya dola 4, kikakonda hadi dola 2 na nusu bila mtu yeyote kukigusa. Mama, ambaye hajawahi kulipwa mshahara wowote, alikuja na sera yake mapema: bidhaa zinazotoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi huzifikiria kwa shilingi, kodi ya nyumba kwa dola, na chumvi kwa franga. Noti zilizochanika anazirudisha kwa aliyezileta, kwa upole, hata akiwa ni mke wa mchungaji.

Sasa, Mheshimiwa, kuna jambo ambalo vitabu vyako vya hesabu vinalipita kimya. Ofisi zako si peke yake zinazokusanya. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili wakapata 798, kati ya hivyo 486 katika Kivu Kaskazini. Vingine vilikuwa vya watumishi wa serikali, vingine vya jeshi, vingine vya makundi yenye silaha, na ripoti yao waliipa jina linalosema kila kinachotembea kitatozwa. Familia ilipoelezwa haikushangaa. Iliuliza tu kwa nini walihesabu vya barabarani peke yake. Vijijini kuna jetoni, karatasi ya kila mwezi inayouzwa na wenye bunduki; asiyekuwa nayo haendi shambani. Kuna mahali kusini mwa Kivu Kaskazini ambako ushuru wa namna hiyo ulipewa jina la lala salama. Yaani unalipa ili usingizi wako usikatizwe na yule yule anayepokea. Hakuna mtaalamu wa fedha Kinshasa aliyewahi kubuni kodi yenye jina tamu kama hilo, na familia inashauri aliyelibuni atafutwe, kwa sababu nyingi.

Kisha kakao. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Hilo lilitangazwa redioni, nyanya akasikia, akacheka mpaka akakohoa. Eneo la Beni ndilo shamba kubwa la kakao la mashariki ya nchi. Utajiri ulikuwa umefika mlangoni kwake kabisa. Isipokuwa shamba liko upande wa Mbau, ambako tangu Oktoba 2014 watu wanauawa kwa mapanga na risasi wakiwa wanalima, wakiwa wanavuna, wakiwa wamelala. Anayethubutu kwenda hukuta matunda yamekwisha vunwa na mtu mwingine, nayo yamo njiani kwenda Uganda, huenda yakiwa na nyaraka zilizokamilika zaidi kuliko za baba. Nyanya haombi fidia ya mavuno. Anataka kujua tu kama aliyeyavuna alitoa ushuru, kwa sababu yeye kila msimu aliutoa.

Hapo ndipo wageni wanapoingia. Ni jamaa wa mama kutoka Eringeti na wengine kutoka Mbau, waliokuja kwa wiki mbili. Wiki hizo zinaendelea. Sufuria ya bugali iliyopikiwa watu saba inalisha kumi na wanne, sombe imeongezewa maji, na mkaa unaomalizika Jumanne ndio uliotakiwa kufika Ijumaa. Mashirika huja na kuandika majina, mara nyingine huleta kadi na mafuta. Lakini wengi wa waliokimbia hapa hawakai kambini. Wanakaa kwa watu, na hao watu hawamo kwenye bajeti ya mtu. Ikiwa kuwapa hifadhi raia waliokimbia vita ni kazi ya serikali, basi Mulekera kuna serikali nyingi mno, na zote zina deni dukani.

Familia inaomba huduma hizo zihesabiwe pale ombi lake litakapopimwa. Vilevile elimu. Ibara ya 43 inasema shule ya msingi ni bure, na mwaka 2019 hatimaye amri ilitoka, watoto wakajaa madarasani hadi madirishani. Kabla ya hapo wazazi ndio waliowalipa walimu, miaka na miaka, na kwa sekondari bado minervali, yaani ada ya shule, inaletwa mkononi mwa mtoto. Barabara za mtaa? Jumamosi kuna salongo, kazi ya pamoja ya mtaa: jembe la familia, jasho la familia, na asiyetokea hutozwa faini, kwa hiyo ni kazi ya hiari yenye bei.

Uzoefu wa kisiasa upo pia. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, zitapiga kura Machi 2019. Rais mpya aliapishwa Januari 24, 2019, kwa hiyo zamu ya Beni ilipofika rais tayari alikuwa kazini, heshima isiyotolewa kwa miji mingi duniani. Watu hawakungoja. Desemba 30, siku ya taifa kupiga kura, walijipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura zao wenyewe kwa karatasi walizotengeneza. Hazikuingia katika hesabu rasmi. Baba alikuwa kwenye mstari. Jimbo linaloweza kuandaa uchaguzi bila senti moja kutoka Kinshasa ni jimbo la kutunzwa.

Na kama hoja ni umbali, makao makuu nayo yameisogelea familia yenyewe. Tangu Goma, makao makuu ya jimbo, ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa Kivu Kaskazini unafanyia kazi Beni. Utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021 kwa siku 30, kisha ukawa unarefushwa kwa idhini ya Bunge siku 15 kwa siku 15, umewafundisha wenyeji namna ya kuomba muda wa nyongeza. Mama alijaribu utaratibu huo huo kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alisema yeye si Bunge.

Tena kuna mfano wa karibu ambao wizara yako inaweza kuufuata bila aibu. Wakati wa vita vya pili vya Kongo, kundi la waasi la RCD-K/ML la Mbusa Nyamwisi lilipotawala huku, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo waliwapa watawala fedha za forodha mapema, kabla mizigo haijafika Kasindi, nao wakapunguziwa kiwango. Mpango huo ulidumu miaka. Familia ina uwezo wa kulipa mapema pia: inaweza kuleta mapato ya siku moja nzima, ile isiyo ya mvua, mradi isisumbuliwe kwa zile siku 30 zinazofuata.

Haikatai kulipa, Mheshimiwa. Ibara ya 65 inamtaka kila Mkongomani alipe kodi, na kikapu cha mama kina ushahidi zaidi kuliko maneno. Inataka asilimia 40 ibaki chanzoni, yaani pale jikoni, ambako walimu, wakimbizi na barabara tayari vinalipiwa. Zile 60 zitaendelea kwenda zinakokwenda. Familia haiulizi.

Matayarisho ya ndani yamekwisha. Bunge la jimbo, lenye watoto wanne na nyanya ambaye ni spika kwa umri, lilikaa jana usiku chini ya taa ya simu na kupitisha bila kupingwa kodi yake ya kwanza. Itatozwa mtu yeyote atakayeingia uani akiwa na kitabu cha risiti kwapani, awe wa mji, wa jimbo, wa taifa au wa msituni. Ni franga 2,000 kwa kila mguu, kabla ya kukaa. Risiti itatolewa, imeandikwa kwa mkono wa mtoto wa pili, ambaye mwandiko wake ni mzuri. Noti zilizochanika hazipokelewi.

Nakala: Gavana wa jimbo, Meya wa mji, mkuu wa komini, na mwenye nyumba, ili avute subira.