Ombi la Uraia wa Kigeni kwa Vijana wa Singida

Kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF),
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi mashabiki wa kibanda umiza hapa Misuna tunatanguliza pongezi. Fainali nne za AFCON tangu 1980, ushindi hakuna hata mmoja, na bado kule Morocco tumetinga 16 bora kwa sare mbili! Wenzetu wanahangaika kushinda, kumbe njia ya mkato ipo.

Mkoa wetu nao haukubaki nyuma. Alizeti mlikula, kuku wa kienyeji mlikula, mkaja kumchukua hata kocha, Miguel Gamondi wa Singida Black Stars. Kabla ya hapo, Januari 2025, wachezaji watatu wa klabu hiyohiyo walipewa uraia: Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Damaro Camara wa Guinea. Hatuna kinyongo nao. Wachague tu, Unyaturu au Unyiramba. Usiku wa habari hiyo ya uraia kijiwe kizima kiliwapanga Taifa Stars, mpaka muuza vitunguu mmoja akatukata stimu: FIFA inataka mgeni aliyekuja mtu mzima awe ameishi nchini miaka mitano. Kumbe kwa sasa ni uraia wa ligi. Klabu inaruhusiwa wageni 12, na hao watatu hawahesabiwi tena.

Lakini hoja yetu ni maproo. Mkitangaza kikosi, hapa hakuna anayeuliza kijana amefunga mabao mangapi. Tunauliza anacheza nchi gani. Ikitajwa Uingereza, makofi yanapigwa kabla daraja halijasikika. Ikitajwa Mtibwa, mtu anaagiza chai. Samatta asipofunga tunamsema kama vile alizaliwa Aston Villa. Yule ni wa Mbagala, akaenda Simba, akauzwa TP Mazembe 2011, akawa mchezaji bora wa 2015 kwa wanaocheza ndani ya Afrika, ndipo Genk wakamchukua. Alikuwa mchezaji kabla hajawa proo.

Kwa kuwa nyie na sisi tunaona vizuri vya mbali tu, tunaomba winga mmoja wa Ikungi, anayecheza michezo ya sekondari, UMISSETA, peku, apewe uraia wa Guinea kwa msimu mmoja. Afike Conakry, apige picha uwanja wa ndege, arudi na jina refu na wakala. Tunajua sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili. Akishaitwa kikosini ataurudisha. Nauli tutachanga.

Ikishindikana, mtume mtu mwenye daftari kwenye UMISSETA ya mkoa. Chakula na malazi juu yetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mashabiki wa Misuna, Singida.

Nakala: Idara ya Uhamiaji.